Muswada Usio na Shahidi: Akili Unde na Uandishi wa Vitabu vya Ufundi

Muswada tunaouhakiki hapa umetoka Likoni. Aliyeuleta ni kijana fundi wa redio na televisheni, naye hakuficha asili yake: sura zote, isipokuwa ukurasa mmoja, zimeandikwa na akili unde, ambayo wengine huiita akili mnemba. Shabaha yake ni kumfundisha msomaji wa Kiswahili kuandika programu za mtambo wa michezo ambao Nintendo waliutoa Japani mwaka 1983. Shabaha hiyo ni njema. Mtambo wenyewe una kumbukumbu ya kazi ya baiti 2,048 tu, kwa hiyo mwanafunzi aweza kuujua wote.

Kwa upande wa sarufi, muswada hauna dosari kubwa. Upatanisho wa ngeli umetimia na sentensi zinatiririka. Lakini ufasaha huo ndio unaoficha udhaifu wake.

Tutazame istilahi kwanza. Picha ndogo inayotembea juu ya mandhari, ambayo mafundi huiita spraiti, imeitwa humu "kizuka". Neno hilo limetafsiriwa kwa kufuata asili ya Kiingereza, yenye maana ya pepo. Msomaji wa Kisauni, ambaye kwake kizuka ni mwanamke aliye katika eda, atasoma kwamba mtambo hauwezi kuonyesha vizuka zaidi ya vinane katika mstari mmoja. Aidha, kompyuta imeitwa "tarakilishi" katika sura ya pili, na "ngamizi" katika sura ya tano, kana kwamba ni vyombo viwili.

Kosa la pili ni zito zaidi. Muswada unafundisha kwamba picha hubadilika mara 60 kwa sekunde, na muda wote wa mchezo umepimwa kwa hesabu hiyo. Hivyo ndivyo ilivyo Japani na Marekani. Televisheni za Kenya za enzi hiyo zilifuata mfumo wa PAL, wa mara 50. Kwa hiyo mwendo uliokusudiwa kuchukua sekunde 10 utachukua sekunde 12. Fundi yeyote wa Changamwe aliyewasha mtambo wa PAL angeliona hilo siku ya kwanza. Akili unde haijawahi kuwasha kitu.

Hapa ndipo penye hoja yetu. Kitabu cha ufundi ni ushahidi: mwandishi anatuambia kwamba amelitenda jambo na likatendeka. Mwanafunzi hana njia ya kulitambua kosa, na kwa kuwa vitabu vya namna hii ni haba katika Kiswahili, hana kitabu cha pili cha kulinganisha.

Hatusemi muswada utupwe. Kijana na aijaribu kila programu kwa mkono wake, achague istilahi moja kwa kila kitu, kisha aandike upya. Uwezo anao. Ule ukurasa mmoja alioandika mwenyewe, juu ya kusafisha shaba ya kaseti kabla ya kuichomeka, ni mfupi na una kosa moja la tahajia. Lakini ndio pekee tunaoweza kuuamini.