Muhuri wa Kijani, Muhuri Mwekundu

Ukiifuata barabara kuu kutoka Kitengela kuelekea kusini, ukaipita Isinya, Kajiado mjini, Bissil na Maili Tisa, unafika Namanga. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani kizinduliwe rasmi Desemba 2018, msafiri huingia jengo moja tu. Afisa wa nchi unayoiacha anakugongea muhuri, wa nchi unayoiendea anakugongea wake, na safari inaendelea. Hati ya kusafiria, kadi ya homa ya manjano, unakwenda wapi, utakaa siku ngapi. Abiria aliyechoka na basi hamwoni afisa. Anaona dirisha lenye mkono. Ni wachache wanaojiuliza kazi hiyo inaonekanaje kutoka upande wa pili wa kioo.

Lucas Pope alijiuliza. Ni Mmarekani aliyekuwa akiishi Japani, na katika safari zake za hapa na pale aliwatazama maafisa wa uhamiaji wakipekua karatasi hadi akaona humo kuna mchezo. Aliutengeneza kwa muda wa miezi tisa hivi, karibu peke yake: programu aliandika mwenyewe, picha alichora mwenyewe, muziki akautunga mwenyewe. Agosti 2013 ikatoka gemu ya kompyuta iitwayo Papers, Please. Nchi ni ya kubuni, Arstotzka, na mwaka ni 1982. Umeshinda bahati nasibu ya ajira, umepewa kibanda mpakani, na kazi yako ni kukagua pasi.

Ukimsimulia hivyo kijana aliyezoea kandanda katika vibanda vya pleistesheni pale Kitengela, atakuuliza kama huna kazi ya kufanya. Na ana haki. Kwa maneno, gemu hii inachosha. Uzuri wake hausimuliki hadi mkono uanze kufanya kazi.

Anza na meza. Pope amekupa meza ndogo mno. Pasi ikifunguka inaifunika kadi ya kazi, kadi ya kazi inakifunika kitabu cha kanuni, na ukikifungua kitabu huioni tena pasi. Kila mara unasogeza kitu ili uone kingine. Mwanzoni nilidhani ni uchoraji wa kubana matumizi. Ukicheza kwa muda unang'amua kwamba ufinyu huo umepimwa: siku ya kwanza karatasi ni moja na nafasi inatosha, na kila asubuhi serikali inaongeza sharti jipya, kibali cha kuingia, kitambulisho, kibali cha kazi, hadi meza inajaa na macho yanaanza kukosea. Hakuna mhusika anayekuambia kwamba utawala unakuzidi nguvu. Unakuzidi pale pale mezani, kwenye vidole.

Unalipwa kwa kila mtu uliyemhudumia sawasawa, na saa haingoji. Ukikosea, mashine pembeni inatema karatasi ya onyo. Maonyo mawili ya kwanza ya siku hayana adhabu. Kuanzia la tatu unakatwa pesa. Jioni unapewa orodha: kodi ya nyumba, chakula, gharama ya joto, dawa ya mgonjwa. Nyumbani wapo mke, mtoto, mama mkwe na mjomba. Siku mshambuliaji akiruka ukuta kituo hufungwa mapema, na mshahara wa siku hiyo unakatika kama ule wa kibarua aliyenyeshewa mvua saa nne asubuhi.

Kisha anakuja mwanamume mmoja dirishani. Karatasi zake ziko sawa. Unamgongea muhuri wa kijani wa kumruhusu, naye kabla ya kuondoka anakuomba umwonee huruma mke wake anayemfuata kwenye foleni. Mke anafika. Hana kibali cha kuingia. Anasema akirudi kwao atauawa.

Wachambuzi wengi husimama hapo na kulisifu tukio hilo kwa majonzi yake. Mimi sikulisifu kwa hilo. Majonzi ni rahisi, tamthilia yoyote ya saa moja usiku inayo. Kilichonishika ni yale maonyo mawili ya bure. Pope angeweza kukata pesa tangu kosa la kwanza, na mchezo ungekuwa mkali zaidi. Angeweza pia kutokata kabisa. Aliacha mawili, na kwa uamuzi huo mdogo wa hesabu akaigeuza huruma kuwa akiba. Kumpitisha yule mama kunakugharimu onyo moja. Kama asubuhi hukulipoteza kwa uzembe, unalo la kutoa. Kama ulikosea mara mbili kwa kutosoma tarehe vizuri, sasa wema wako utalipwa na chakula cha mtoto. Siku inayofuata unajikuta unaanza kazi ukiwa mwangalifu kupindukia, si kwa kuipenda serikali, ila uwe na kitu cha kumsaidia nacho mtu asiyejulikana atakayefika alasiri. Au unajikuta umeacha kusikiliza wanayosema watu, kwa sababu kusikiliza kunakula muda.

Upande mwingine wa mizani amemweka mlinzi, Calensk. Kwake kila anayekamatwa ni pesa, na yuko tayari kukugawia. Kuanzia hapo, mtu mwenye kosa dogo kwenye karatasi ambaye jana ungemgongea muhuri mwekundu aende zake, leo unakitazama kitufe cha kumweka ndani. Hakuna aliyekulazimisha. Ni shilingi mbili tatu tu, na jana nyumbani kulikuwa na baridi. Nimesoma makala nyingi juu ya rushwa barabarani na mpakani, nyingine nzuri. Sikumbuki iliyonionyesha kwa utulivu kiasi hiki jinsi mtu wa kawaida anavyoanza kutafuta makosa kwa hamu.

Ufundi wenyewe ni huu: maana imewekwa ndani ya kanuni, si juu yake. Mwaka 2015 studio ya Kenya, Black Division Games, ilitoa Nairobi X, gemu ya kupambana na viumbe wa angani waliovamia Nairobi. Waliitoa wakati ambao ni wachache hapa waliothubutu kazi ya ukubwa huo, na heshima hiyo wanaistahili. Lakini ukiondoa Nairobi ukaweka mji mwingine, kidole kinafanya kazi ile ile. Ukiiondoa meza finyu ya Pope, hakuna kinachobaki.

Njia hiyo haikuanza na kompyuta. Mwaka 1904 Mmarekani aitwaye Elizabeth Magie alipewa hataza ya mchezo wa ubao wa kununua viwanja na kutoza kodi. Alitaka watu waone kwa mikono yao jinsi ardhi inavyomtajirisha mmoja na kuwamaliza wengine, kwa hiyo aliuwekea kanuni za aina mbili: katika moja mshindi ni anayewafilisi wenzake, katika nyingine mtu akipata wote wanafaidika. Kampuni ya Parker Brothers ilipouza Monopoly mwaka 1935 ilibaki aina moja. Yaelekea unaijua ni ipi.

Lual Mayen, mzaliwa wa Sudan Kusini aliyelelewa katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda, alifika kwenye wazo hilo kwa njia yake. Mama yake aliweka akiba miaka mitatu akapata dola 300 za kumnunulia kompyuta ya mapajani, na kijana akawa anatembea saa tatu kwenda mahali penye umeme wa kuichaji. Alijifunza kutengeneza gemu akiwa kambini, akatengeneza ya kwake, Salaam, na Desemba 2018 akatunukiwa katika The Game Awards huko Marekani. Katika toleo alilolitangaza baadaye, mchezaji ni mkimbizi anayekimbia. Nguvu zikimwishia, unamnunulia maji, chakula au dawa kwa pesa yako halisi, na pesa hiyo imekusudiwa imfikie mkimbizi wa kweli. Gemu nyingi za simu zinakukamua hivyo hivyo ili umvalishe mhusika kofia mpya. Mayen alichukua mtego ule ule akaugeuza mdomo.

Huku Kajiado wazo hili si geni. Enkeshui, mchezo wa mashimo wa Wamaasai na ndugu wa bao la pwani, kete zake huitwa inkishu, yaani ng'ombe. Na hata nje ya ubao kuna watu waliotunga kanuni kwa jicho la mtengeneza gemu. Ranchi ya pamoja ya Kitengela iligawanywa mwishoni mwa miaka ya 1980, kila familia ikapata kipande chake, na baada ya hapo ploti zikauzwa na nyaya zikanyoshwa hadi njia ya nyumbu watokao Mbuga ya Nairobi kwenda nyanda za Athi-Kaputiei ikawa vichochoro. Mwaka 2000 ulianza mpango wa kuwalipa wenye ardhi kwa kila ekari, kila mwaka, wasiuze wala wasiweke ua. Aliyeupanga alijua jambo ambalo Pope angelielewa mara moja: malipo yaligawanywa mara tatu kwa mwaka, yaangukie wakati shule zinafunguliwa. Mtu haamki tu akauza ekari. Anauza wiki ya karo, wakati broka amefika na pesa taslimu.

Gemu ya Kitengela ingeanzia hapo. Kila unapouza kona, shida ya leo inaisha papo hapo na sauti ya kupendeza inasikika. Ua ni rahisi kuuweka, ghali kuuondoa, na wa jirani unakufunga wewe pia. Kiangazi kikija unawazungusha ng'ombe njia ndefu kidogo kuliko mwaka jana. Nisingeandika neno hata moja kwenye skrini juu ya wanyamapori.

Halafu, kama Magie, ningeuwekea ubao huo huo kanuni za pili, hizi za upande wa Magadi. Kule Shompole na Olkiramatian kwa miaka mingi malisho yametumiwa kwa pamoja: eneo la kiangazi linafungwa mvua ikinyesha, na kamati ndiyo inayoamua siku ya kulifungua. Kwa hesabu ni kanuni nyepesi kuliko ya kwanza. Ugumu ni kwamba kazi kubwa ya mchezaji itakuwa kungoja, nyasi anaziona, ng'ombe wanakonda, na kitufe kinachofanya kazi ni cha kuitisha mkutano. Pope aliweza kuifanya foleni ya pasi ichezeke. Kikao cha wazee chini ya mti, hadi asubuhi ya pili, bado sijaona aliyekijaribu.