Mkunga Aingiapo Nyumbani

Uholanzi, mimba isiyo na tatizo haianzii hospitali. Mwanamke akijua kwamba ni mjamzito hutafuta mkunga wa mtaani kwake, na mkunga huyo si mwajiriwa wa daktari. Amesoma chuoni miaka minne, ameandikishwa katika daftari la serikali la wataalamu wa afya, amefungua ofisi na wenzake wachache, na sheria inamruhusu kumhudumia mama kwa mamlaka yake mwenyewe tangu mimba changa hadi baada ya kujifungua. Gharama hulipwa na bima ya afya, ambayo kila mkazi analazimika kuwa nayo. Mama akitaka kujifungulia chumbani kwake, mkunga ndiye atakayekuja, usiku au mchana.

Mdogo wangu, mzaliwa wa Tanga, anaishi Utrecht na mumewe. Mimba yake ya pili ndiyo iliyonipa nafasi ya kuitazama kazi hii kwa karibu.

Kazi huanza kwa maswali. Hudhurio la kwanza, mimba ikiwa na wiki nane au tisa, ni refu kuliko yote. Mkunga huuliza uzazi uliopita ulikwendaje, damu ilitoka kiasi gani, kondo la nyuma lilitoka lenyewe au lilitolewa. Huuliza presha, kisukari, seli mundu ukooni, dawa, sigara, usingizi, na hali ya nyumbani. Baada ya kuuliza hunyamaza mpaka ajibiwe. Mdogo wangu alinieleza kwamba jambo la maana zaidi alilisema baada ya kimya cha namna hiyo, alipokwisha kudhani maswali yamekwisha.

Maswali hayo ndiyo chujio la kwanza. Wakunga na madaktari wa Uholanzi wana orodha ya pamoja inayotaja hali ambazo mkunga hubaki nazo na zile anazopaswa kuzipeleka kwa daktari bingwa. Mapacha, mtoto aliyetanguliza matako, kovu la upasuaji wa uzazi uliotangulia, kisukari cha sindano, presha iliyopanda pamoja na protini kwenye mkojo: wenye hali hizo wote huzalia hospitali. Chujio halifungwi baada ya siku ya kwanza. Kila hudhurio linaweza kubadilisha uamuzi, na hata uchungu ukiwa umeshaanza mama anaweza kuhamishwa. Kwa wanaojifungua mara ya kwanza uhamisho ni jambo la kawaida, mara nyingi kwa sababu uchungu unakwenda polepole au mama anahitaji dawa ya kutuliza maumivu ambayo haitolewi nyumbani.

Nilipofika Utrecht, mimba ya mdogo wangu ilikuwa imeingia mwezi wa nane, na nikaingia naye chumba cha mkunga. Alinawa mikono kwa maji ya moto, akaikausha, kisha akaisugua ipate joto zaidi kabla ya kumgusa. Tumbo likiguswa kwa mikono baridi hukaza, na tumbo lililokaza halimwambii mtu kitu. Alipima presha, halafu akatandaza utepe kutoka mfupa wa kinena hadi kilele cha mfuko wa uzazi. Kimo cha mimba kikaandikwa kwa sentimita, na nukta yake ikawekwa kwenye mchoro pamoja na nukta za safari zilizopita, ili ionekane kama mstari unapanda inavyotakiwa.

Baada ya utepe ikaja mikono. Kuna mishiko minne, na inajulikana kwa jina la daktari Mjerumani, Christian Gerhard Leopold. Mshiko wa kwanza huzunguka kilele cha tumbo: kilichoko juu ni kichwa au matako? Kichwa ni kigumu na hucheza peke yake. Matako ni laini na yakisukumwa mwili wote hufuata. Mshiko wa pili hushuka ubavuni, mkono mmoja ukitulia na mwingine ukitafuta: upande huu mgongo, mrefu na laini, upande ule mikono na magoti, vitu vidogovidogo vinavyoponyoka. Mshiko wa tatu hukamata juu ya kinena kujua kilichotangulia. Wa nne, mkunga akiwa amegeukia miguu ya mama, hupima kichwa kimezama kiasi gani ndani ya nyonga. Alifanya yote macho yake yakitazama dirishani. Kisha akauchukua mkono wa mdogo wangu, akauweka pale pale, akamwonyesha mgongo wa mwanawe.

Wiki chache kabla ya siku yenyewe alikuja kuikagua nyumba. Kitanda kilikuwa tayari kimeinuliwa kwa vigingi hadi kimo cha sentimita 80, kama inavyotakiwa ili mgongo wa mhudumu usivunjike kwa kuinama. Alifungua sanduku la vifaa lililoletwa na bima, akahesabu pedi, shuka za plastiki, vitambaa vya pamba na kibanio cha kitovu. Akaziangalia chupa mbili za bati za maji ya moto, za kupasha joto kitanda cha mtoto. Akawasha taa. Halafu akasimama juu ya ngazi, akaitazama kwa muda mrefu. Ngazi za nyumba nyingi za Uholanzi ni nyembamba na zimesimama wima, na machela haipiti kila mahali. Aliuliza dirisha la chumba linafunguka kiasi gani. Kila dharura aliipangia njia yake kabla haijatokea.

Kujifungulia nyumbani huruhusiwa mimba ikiwa kati ya wiki 37 na 42. Uchungu wa mdogo wangu ulianza usiku ndani ya muda huo. Shemeji alipiga simu. Mkunga aliomba kuongea na mwenye uchungu mwenyewe, na hakuwa na haja ya maneno mengi. Alimsikiliza akipumua uchungu ulipokuja, akasema anakuja.

Aliingia na mabegi mawili. La kwanza alilifungua na kulipanga juu ya meza: glovu, mikasi, vibanio, kifaa cha kusikilizia mapigo ya moyo wa mtoto, vifaa vya kushonea. Ndani ya la pili kulikuwa na oksijeni, barakoa ndogo ya kumpulizia mtoto hewa, dripu, mrija wa mkojo, sindano za oksitosini za kuzuia damu. Hilo aliliacha wazi karibu na mlango, akalifunika kwa taulo, vitu vyake vikiwa tayari na mama asiviwaze.

Alipima njia: sentimita tano. Alisikiliza moyo wa mtoto wakati wa uchungu na dakika moja baada ya uchungu kuachia, akitafuta mapigo yaliyo kati ya 110 na 160 kwa dakika. Akaandika. Kisha akaketi kwenye kigoda pembeni, mgongo ukutani.

Hapo ndipo penye ugumu wa kazi hii, ingawa mgeni angeweza kudhani hakuna kinachofanyika. Kila robo saa aliinuka na kifaa chake, akasikiliza, akaandika, akarudi. Mdogo wangu alitembea, akapiga magoti, akaegemea kitanda, hakuambiwa alale. Shemeji alipochoka kumkandamiza kiuno, mkunga alimwonyesha namna ya kutumia kiganja badala ya vidole. Mara nyingine alifumba macho, nikadhani amesinzia. Kumbe alikuwa akisikiliza sauti. Sauti ya mama huteremka kadiri njia inavyofunguka, na maneno hupungua. Mdogo wangu alipolia kwa Kiswahili kwamba hawezi tena, mkunga, asiyejua neno hata moja la Kiswahili, aliinuka, akavaa glovu, akampigia simu msaidizi aje. Alijua kwamba kauli ile, kwa lugha yoyote, mara nyingi hutangulia kusukuma.

Chupa ya uzazi ilipasuka, maji yakawa meupe. Angeona yamechanganyika na choo cha mtoto, safari ya hospitali ingeanza pale pale. Sasa alisikiliza moyo baada ya kila uchungu. Kichwa kilipoanza kuchungulia aliloweka kitambaa katika maji ya moto, akakikamua, akakiweka kwenye msamba, ili ngozi ipate joto na ilegee. Mkono wa pili uligusa kichwa kwa vidole tu. Alimwomba mdogo wangu aache kusukuma, apumue kwa pumzi fupifupi, na kichwa kikatoka taratibu mno, paji, pua, kidevu. Kidole kikapita shingoni: kitovu kilikuwa kimezunguka mara moja, hakijakaza, akakivusha juu ya kichwa. Akasubiri. Uchungu uliofuata ulimgeuza mtoto wenyewe, mabega yakapita, na mkunga akampokea na kumweka kifuani kwa mama.

Alimkausha kwa taulo lenye joto, akamvika kofia ya sufu. Huku akimsugua mgongo alikuwa akipima: rangi, pumzi, mapigo, misuli, mwitikio. Mambo hayo matano yalipangwa na daktari wa Marekani, Virginia Apgar, katika makala yake ya 1953, nayo hutolewa alama dakika ya kwanza na ya tano. Kitovu hakikukatwa mpaka kilipoacha kudunda. Shemeji ndiye aliyekikata.

Wengi wetu tungefungua zawadi hapo. Mkunga alikuwa makini kuliko wakati wowote, kwa kuwa damu huua baada ya mtoto kuzaliwa. Sindano ya oksitosini ilikwishaingia pajani. Mkono wake ukatulia juu ya tumbo bila kulikanda, ukingoja dalili: kitovu kirefuke, damu kidogo itoke, mfuko wa uzazi uwe mgumu na mviringo kama chungwa. Kondo la nyuma lilipotoka alilitandaza juu ya plastiki, akaligeuza, akaunganisha vipande vyake kwa kidole kuona kama kuna pengo, akaunyanyua utando dhidi ya taa, akahesabu mishipa mitatu ya kitovu. Pedi zilizoloa zilipimwa kwenye mizani, maana damu hudanganya macho. Mchaniko mdogo aliushona baada ya kuutia ganzi, mshono mmoja mmoja, bila kuzungumza.

Mtoto alipimwa uzito ndani ya kitambaa kilichoning'inizwa kwenye mizani ya kulabu, akachunguzwa kaakaa, uti wa mgongo, nyonga na vidole. Mkunga alikaa saa mbili zaidi, akaandika yote kwa saa na dakika. Desturi ya kuandika ni ya zamani huko. Catharina Schrader, mkunga mjane wa Friesland, aliandika daftari la uzazi aliousimamia tangu 1693 hadi 1745, zaidi ya watoto 3,000, pamoja na waliomfia mikononi.

Kwa siku zilizofuata msaidizi wa uzazi alikuja kila siku, kama bima inavyogharimia, na mkunga alipita mara kadhaa kupima joto, matiti, mfuko wa uzazi na manjano machoni mwa mtoto. Wageni walilishwa biskuti kavu zenye siagi na chembe za anisi, kwa desturi ya Kiholanzi. Mzazi alikunywa uji wa pilipili manga, kwa amri ya mama yetu kwenye simu. Mkunga aliuonja, akakohoa, akaomba aelezwe unavyopikwa.

Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa 2009, uliohusu wanawake 529,688 wa mimba zisizo na hatari kubwa, haukuona tofauti ya vifo vya watoto kati ya waliopanga kuzalia nyumbani na waliopanga kuzalia hospitali kwa mkunga. Usisomwe kama ruhusa kwa kila mtu. Wanawake hao walikuwa wamechujwa, mkunga wao amesomea, na ambulensi huko inatakiwa kufika ndani ya dakika 15 dharura ikitokea. Pasipo na mambo hayo matatu, nyumbani si mahali pa kuzalia, na mjamzito wa Handeni au Kilwa anayesoma haya ajifungulie kituoni.

Lakini mikono iliyopashwa joto haihitaji ambulensi, wala kuuliza swali na kungoja jibu, wala kukaa kigodani bila kumharakisha mama. Hayo wakunga wetu wanayajua; wamefundishwa, na wengi wangependa kuyafanya. Wanachokosa ni muda. Mkunga mwenye akina mama sita wodini peke yake hawezi kuketi na mmoja. Wanaopanga ajira za afya wakitaka uzazi salama, waanze kwa kuongeza wakunga.