Bwana na Boi Chini ya Kilimanjaro

Wasomaji wengi wa "The Snows of Kilimanjaro", hadithi fupi ya Ernest Hemingway iliyotoka katika jarida la Esquire mwaka 1936, hubishana kuhusu theluji na yule chui aliyekauka karibu na kilele. Mimi neno linalonikwama kooni ni dogo zaidi: boy.

Kamusi itakuambia ni mtoto wa kiume. Sawa. Lakini Mwingereza analitumia kwa mwanawe, kwa askari walioko vitani, kwa wazee wenzake anaokunywa nao, na hata kama mshangao tu, bila mvulana yeyote kuwepo. Ukoloni ukaongeza maana nyingine: mtumishi Mwafrika, wa umri wowote ule. Babu mwenye wajukuu naye alikuwa boy.

Maana hiyo ya mwisho ndiyo ya Hemingway. Harry, mwandishi anayekufa porini kwa donda ndugu la mguu, amezungukwa na hao boys. Wanambeba na kitanda chake, wanarudi na swala aliyewindwa. Molo anatajwa kwa jina, ila kazi yake ni kuitika na kuleta wiski. Ana miaka mingapi? Ana mke? Hatuambiwi. Neno limeshamaliza habari zake.

Sasa mtafsiri afanyeje? Akiandika "vijana", amelainisha mno. Hapa Moshi hata kocha anawaita wachezaji wake "vijana wangu", tena kwa mapenzi. "Watumishi" inaeleweka, lakini inawapa heshima ya ajira ambayo mwandishi hakuwapa. "Wavulana" ni kichekesho. Mimi ningeandika "maboi", na acha likwaruze. Kiswahili kilishalimeza neno hili zamani, uchungu wake ukiwa humo humo. Riwaya ya Ferdinand Oyono wa Kameruni, Une vie de boy, ilipoletwa kwa Kiswahili iliitwa Boi, basi. Nani alihitaji maelezo?

Halafu tazama wanavyoitana. Molo akiitika, anasema "Bwana", na Hemingway ameliacha hivyo hivyo, bila kulitafsiri. Kiingereza cha safari kilichukua kwetu neno la mkubwa, kikatuachia neno la mdogo. Ukishaliona hilo, kila "Bwana" ya Molo inasikika tofauti.

Mtaani neno halikulala. Hausiboi na shambaboi bado wapo, wengine wana mvi. Lakini homeboi ni mtu wa kwenu Marangu au Machame, unakutana naye Dar unamkumbatia kabla hujamsalimia. Mzizi ni ule ule. Kinachotofautisha ni anayeita yuko wapi na anayeitika yuko wapi.

Mlimani, wapagazi wameshajitafutia neno lao: wagumu. Hakuna kamusi iliyowapa, wala bwana yeyote.

Je, tuitupe hadithi? Hapana jamani, ni nzuri, na majuto ya Harry kwa yale ambayo hakuyaandika yanauma kweli. Ila Harry anaufikia mlima kwa ndoto tu, ndani ya ndege. Miaka 47 kabla hadithi haijachapishwa, Hans Meyer alifika kileleni kwa miguu, na watu wa Marangu mpaka leo wanamtaja Mzee Yohani Kinyala Lauwo kuwa ndiye aliyemwonyesha njia. Wanamwita Mzee. Mtafsiri wa kesho aanzie hapo.