Kuvua Ranflati kwenye Corvette C5

Chevrolet Corvette ya kizazi cha 5, maarufu kama C5, iliingia sokoni kama gari la mwaka 1997 bila tairi la akiba na bila jeki. Lilitoka kiwandani Bowling Green, Kentucky, likiwa limevaa Goodyear Eagle F1 za aina ya EMT, yaani ranflati: matairi yanayoweza kuendelea kubeba gari hata upepo ukiisha. Kwa wanunuzi wa Corvette hayakuwa mageni, kwani tangu 1994 yaliuzwa kama nyongeza ya hiari. Kwa C5 yakawa sehemu ya muundo wenyewe. Giaboksi lilihamishiwa nyuma ili uzito ugawanyike vizuri kati ya mbele na nyuma, matangi mawili ya mafuta yakawekwa huku na huku, na nafasi ya tairi la tano ikatoweka. Kwa hiyo anayevua ranflati kwenye gari hili anavua na tairi lake la akiba, na kazi yake hupimwa kwa namna anavyoziba pengo hilo.

Katika tairi la kawaida mzigo hubebwa na upepo. Raba na nyuzi zilizofumwa ndani yake huuzuia upepo usitoroke na kulipa tairi umbo, na ubavu huweza kuwa mwembamba kwa sababu hautegemewi kusimama peke yake. Ranflati huongezewa ndani ya ubavu utepe mnene wa raba ngumu, uliotengenezwa ili usipate joto jingi unapokunjwa. Upepo ukiisha, utepe huo ndio unaoshikilia gari. Adui yake ni joto: kila mzunguko wa gurudumu huukunja ubavu na kuunyoosha, na raba huendelea kuchemka hadi inachanika. Ndiyo sababu ranflati nyingi za leo huhesabiwa kwa kilomita 80 tu kwa mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa.

Ugumu huo unaookoa siku ya pancha upo pia siku nyingine zote. Tairi ndilo springi ya kwanza ya gari. Mdomo wa shimo au kiungio cha daraja hulifikia kabla ya springi za C5, ambazo ni za nyuzi za kioo zilizolazwa kukingama gari, na kabla ya shokomzoba. Ubavu usiopinda hupitisha pigo moja kwa moja hadi kwenye kiti. Uzito nao huongezeka mahali pabaya kuliko pote, yaani kwenye gurudumu lenyewe, ambako springi hazisaidii kuubeba na shokomzoba hulazimika kuutuliza kila barabara inapoparuza. Wanaozitetea ranflati wana hoja moja ya kweli: usukani hujibu upesi zaidi mwanzoni mwa kona. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu zaidi kama Chevrolet wenyewe hawangeijibu.

Mwaka 2001 kampuni ilitoa Z06, C5 iliyolengwa kwa madereva wa viwanja vya mbio, na ikaivua ranflati. Ilipewa Eagle F1 SC za kawaida, za 265/40 kwenye ringi za inchi 17 mbele na 295/35 kwenye ringi za inchi 18 nyuma. Ni pana kuliko za C5 ya kawaida, na bado zote 4 kwa pamoja zilikuwa nyepesi kwa takribani kilo 10. Mahali pa ubavu mgumu pakawekwa dawa ya kuziba pancha na kompresa ndogo ya umeme wa gari, huku vihisi vinavyopima upepo ndani ya matairi vikiachwa kazini. Mwenye C5 ya kawaida anayetaka kubadilisha matairi hana haja ya kubuni utaratibu mwingine.

Kazi huanza na vipimo. C5 ya kawaida huvaa 245/45 za inchi 17 mbele na 275/40 za inchi 18 nyuma. Kwa hesabu, kipenyo cha mbele ni takribani milimita 652 na cha nyuma milimita 677. Tofauti hiyo haifai kuchezewa, kwa kuwa breki za ABS na mfumo wa kuzuia magurudumu yasiteleze hulinganisha kasi ya kila gurudumu na mengine. Ukibadilisha uwiano wa mbele na nyuma, kompyuta inaweza kudhani gurudumu fulani linateleza. Namba ya uwezo wa kubeba mzigo na daraja la mwendo visishuke chini ya vile vya matairi ya kiwandani. Yote 4 hubadilishwa kwa mara moja. Kuweka ranflati nyuma na za kawaida mbele ni kuunganisha magari mawili yenye tabia tofauti, na kona ya mvua ndipo yanapoachana.

Ringi za kiwandani hupokea tairi la kawaida bila marekebisho. Ugumu upo katika kuvua la zamani. Ubavu wa ranflati haukubali kukunjwa, kwa hiyo mashine inayotakiwa ni ile yenye mikono ya kusukuma tairi chini, pamoja na sabuni ya kutosha kwenye ukingo. Fundi anayelazimisha kwa vyuma vya mkono ataichuna ringi, na baadhi ya C5 ziliagizwa na ringi za magnesi ambazo si rahisi kuzipatia mbadala. Palipo na vali pana kihisi cha upepo kwa ndani, hivyo ukingo usibanduliwe kuanzia upande huo. C5 changa kuliko zote ni ya mwaka 2004 na betri za vihisi hufungiwa ndani bila kubadilishwa. Kwa hiyo kuvisha matairi mapya juu ya vihisi vya kiwandani ni kujitafutia kazi ya kuvua tena. Vihisi vipya hufundishwa kwenye kompyuta, kila kimoja na pembe yake ya gari.

Baada ya hapo kazi ni ya kawaida: balansi, kisha nati zikazwe kwa spana ya kipimo hadi nyutoni mita 140, na upepo ujazwe paundi 30 tairi likiwa baridi. Alaimenti hupimwa ikiwa matairi ya zamani yalilika upande.

Jambo ambalo mafundi wengi hawamwambii mwenye gari liko kwenye dashibodi. Upepo ukiisha, kompyuta ya C5 huandika kwamba tairi halina upepo na mwendo usizidi maili 55 kwa saa, yaani kama kilomita 88. Ujumbe huo uliandikwa kwa ajili ya ranflati, na kompyuta haijui kuwa zimevuliwa. Kwa tairi la kawaida ni ruhusa ya hatari. Kilomita chache tu bila upepo hukata ubavu na kuiangusha ringi kwenye lami. Onyo lile lile ambalo jana lilimaanisha endelea polepole, leo linamaanisha simama.

Kinachobaki ni mkoba wa njiani. Dawa ya kuziba hufaa kwa tundu la msumari kwenye uso wa tairi, lisilozidi takribani milimita 6, na lazima iwe ya aina isiyoharibu kihisi. Chupa huwa na tarehe ya mwisho, nayo huwa haisomwi na mtu hadi siku ya pancha. Vifaa vya kuziba kwa utambi wa raba ni bora zaidi kwa anayejua kuvitumia, kwa kuwa haviachi ute ndani ya ringi. Baadaye tundu kwenye uso huweza kubandikwa kiraka kwa ndani, nafuu ambayo ranflati iliyoendeshwa bila upepo kwa kawaida hunyimwa, kwa kuwa uharibifu wa ubavu wake hauonekani kwa nje. Jeki ya kawaida haisaidii sana: gari liko chini mno, na huinuliwa kwenye sehemu maalumu za fremu kwa kutumia kipande cha raba au mbao cha kukingia bodi.

Ubavu ukichanika, mkoba wote huo hauna kazi na gari hubebwa juu ya lori. Anayesafiri usiku mara kwa mara kwenye barabara zenye karakana za kuhesabika ana sababu nzuri ya kubaki na ranflati na kuvumilia ugumu wake.