Ukenda kwa Wenye Chongo: Suala la Rika katika Rosa Mistika

Wahenga walisema kwamba ukenda kwa wenye chongo, nawe vunja lako jicho. Methali hii hufundishwa shuleni kama somo la adabu, yaani mgeni afuate desturi za wenyeji wake. Lakini mtoto aliyeikariri asubuhi, akionekana jioni amebadili mavazi au namna ya kusema ili wenzake wasimwite mshamba, huambiwa kwamba ameharibika. Jambo lile lile ambalo kwa mtu mzima ni busara, kwa kijana ni upotovu.

Katika makala haya nitajaribu kuuchunguza mgongano huu katika riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Rosa Mistika, iliyotolewa mwaka 1971. Ni maoni yangu kwamba sisi walimu na wahakiki tumeisoma riwaya hiyo kwa chongo: tumemwona baba, lakini hatukuliona rika.

Kisa chenyewe kinajulikana. Rosa ni binti wa Zakaria na Regina, wa kijiji cha Namagondo, Ukerewe, ambako mwandishi mwenyewe alizaliwa mwaka 1944. Zakaria ni mlevi, na juu ya ulevi wake ni mkali kupita kiasi. Barua ya mvulana aitwaye Charles inamletea Rosa kipigo. Baadaye Rosa anaingia katika shule ya wasichana ya Rosary, kisha katika chuo cha ualimu Morogoro, na huko mwenendo wake unabadilika kabisa. Anaporudi nyumbani akiwa mwalimu anajaribu kuanza upya, lakini Charles, ambaye sasa ni mchumba wake, anapoyajua ya nyuma anamwacha. Rosa anajiua.

Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba dhamira kuu ya riwaya ni malezi mabaya. Baba alimfungia binti, na binti alipofunguliwa akaruka mipaka. Maelezo hayo si ya uongo. Yanaungwa mkono na riwaya yenyewe, kwani mwishoni mwandishi anawapeleka baba na binti mbele ya Mungu kuhukumiwa. Hata hivyo, maelezo hayo hayatoshelezi. Ikiwa kufungwa na kufunguliwa ndiyo sababu pekee, ingetupasa kumtazama Rosa kama ndama aliyekatika kamba, akimbiaye popote miguu impelekapo. Lakini Rosa hakimbii popote. Anakwenda wanakokwenda wenzake. Swali ambalo uhakiki wetu haujaliuliza vya kutosha ni hili: je, alikuwa anatafuta nini kwao?

Ili tulijibu, hatuna budi kukumbuka jinsi fasihi yetu ilivyozoea kumkabili kijana. Utenzi wa Mwana Kupona, uliotungwa yapata mwaka 1858, ni wosia wa mama mgonjwa kwa bintiye, Mwana Hashima. Shaaban Robert naye alimwandikia binti yake Mwanjaa Utenzi wa Hati, na mwanawe Suleiman Utenzi wa Adili. Katika tungo hizi mzazi anasema na mtoto anasikiliza. Marafiki hutajwa kama watu wa kuchaguliwa kwa uangalifu, na aghalabu kama hatari. Sauti ya mtoto mwenyewe haisikiki, wala hatumwoni akiwa kati ya wenzake akipima lipi litamfanya akubalike na lipi litamfanya achekwe. Sisemi haya kwa kuzidharau tungo hizo. Wosia una kanuni zake, na Mwana Kupona kwa hekima yake aliwaalika wanawake wengine nao wausome utenzi wake, kana kwamba alijua kuwa binti hakui peke yake. Ninachosema ni kwamba tumeurithi mtindo wa wosia hata katika kuhakiki riwaya.

Wazee waliotunga wosia, hata hivyo, hawakutegemea maneno matupu. Katika jamii zetu nyingi rika lilikuwa chombo cha malezi. Kulikuwa na jando na unyago, na huko vijana waliwekwa pamoja chini ya manyakanga na makungwi. Wagikuyu waliita kila kundi la waliotahiriwa pamoja kwa jina lake, na neno lao riika halina haja ya kutafsiriwa kwa Mswahili. Tamaa ya kuwa kama wenzako haikuhesabiwa kuwa ugonjwa. Ilikuwa nguvu, nayo ilitumiwa: kijana alivumilia maumivu kwa sababu mwenziwe kando yake alikuwa akivumilia.

Shule ya bweni ni rika lisilo na kungwi. Ina walinzi, ina kengele na kanuni, lakini mlinzi wa lango si kungwi. Lango hulindwa ili kijana asitoke. Yanayopita kati ya kitanda na kitanda usiku hayana mlinzi. Hapo ndipo Rosa anapofika akiwa na upungufu ambao hakuuchagua. Wenzake wamekwisha kujifunza, kidogo kidogo na kwa makosa madogo madogo, namna ya kusema na mvulana, namna ya kukataa na hata namna ya kucheka. Yeye alifunzwa jambo moja tu, nalo ni kuogopa. Kwa hiyo kosa la Zakaria si ukali peke yake. Kosa lake ni kwamba alimtenga binti na rika lake, na hivyo akamfanya aingie humo kama mdeni. Mtu anayejiona ana deni hulipa bei yoyote anayotajiwa.

Tukiisoma riwaya hivi, tunaelewa pia kwa nini malezi peke yake hayaelezi kila kitu. Zakaria ana mabinti kadhaa, na wote wamelelewa chini ya paa moja, lakini hatima zao hazifanani. Baba ni mmoja; mazingira na wenzi ni mbalimbali. Hata Charles anaweza kuonekana kwa jicho jipya. Anapomwacha Rosa anafuata kipimo ambacho wanaume wa jamii yake wamekubaliana nacho, ingawa hawajipimi wenyewe kwacho. Yeye pia amevunja jicho lake ili afanane na wenye chongo. Tofauti ni kwamba yeye hakushtakiwa na mtu.

Hapa ndipo penye udhaifu wa kazi ya Kezilahabi. Zakaria amepewa jukwaa pana: tunamwona akinywa, akipiga, akifoka. Wasichana wenzake Rosa wamebaki vivuli. Wanapita, wanatoa ushauri, wanatoweka. Mwandishi aliyekuwa kijana alipoandika kitabu hiki alikuwa karibu na rika hilo kuliko mhakiki yeyote, lakini alipofika penye hukumu aliwaita baba na binti tu. Wale waliocheka bwenini hawakuitwa mahakamani. Si ajabu wahakiki nao wakawasahau.

Suala hili si la nadharia tupu. Riwaya hii, inayowahusu wanafunzi, ilipigwa marufuku kwa muda katika shule za Tanzania. Walioizuia waliamini kwamba kijana akisoma habari za anguko ataiga anguko. Walisahau kwamba kijana haigi kitabu, anaiga wenziwe. Kitabu kingempa mahali pa kuyatazama hayo kwa utulivu kabla hayajamkuta.

Nimeisomesha Rosa Mistika kwa miaka kadhaa, na kila mwaka nimepokea insha zinazofanana kama sare: malezi mabaya, malezi mabaya. Mwaka mmoja nilimwuliza mwanafunzi kama ndivyo alivyoamini. Akanijibu kwa heshima, "Hapana, Mwalimu. Lakini ndivyo wanavyoandika wote." Sikuwa na la kumjibu, kwa maana alama za juu nilikuwa nimezitoa mimi mwenyewe, kwa wale walioandika kama wenzao.

Kwa kumalizia, napendekeza tuache kumsoma Rosa kama onyo na tuanze kumsoma kama swali. Kijana hatakoma kutaka kuwa mmoja wa wenzake, na wala si haki kumtaka akome. Lililo juu yetu ni kuuliza nani anakaa naye humo bwenini, na anapofika kwa wenye chongo, nani yuko karibu wa kumwambia kwamba anaweza kukaa nao na macho yake yote mawili.