Methali ni watu: Mashi tunayoisifu bila kuisema

Kwenye mahari hapa Kadutu ama Bagira, mzee mmoja anasimama, anatoa methali ya Mashi, watu wanapiga makofi. Kiisha hapo wote tunarudi kwenye Kiswahili, na watoto wanauliza: amesema nini?

Kagaragu Ntabaza alitukusanyia methali hizo katika kitabu Emigani bali bantu, kilichotoka hapa Bukavu miaka ya 1970. Jina lake ni kusema: methali ni watu. Kazi hiyo tunaiheshimu. Bila yeye, mengi yangezikwa pamoja na wazee. Lakini tuseme ukweli: maelezo yako kwa Kifaransa. Msomi anafaidika, mtoto wa Kadutu anayejua Kiswahili tu anabaki mlangoni. Na sisi wenyewe tumekifanya kitabu hicho kuwa sanduku la kuchotea mapambo ya hotuba.

Tuangalie wengine. Kikatalani kinasemwa Katalonia, Valencia, visiwa vya Baleari, Andorra, upande wa Roussillon kule Ufaransa, mpaka mji wa Alghero huko Sardinia. Watu wa Valencia wanakiita Kivalencia, na bado wanasikilizana na wa Barcelona. Si sawa na sisi? Kabare na Ngweshe tunasema Mashi, ndugu zetu wa Idjwi na Kalehe wanasema Kihavu, na sokoni hakuna anayetafuta mkalimani. Chini ya Franco, tangu 1939 hadi 1975, lugha ile ilifukuzwa masomoni na maofisini. Nyumbani waliendelea kuisema. Sheria ya 1983 ilipoirudisha darasani kule Katalonia, ilikuta bado kuna watoto wanaoijua.

Kwetu hakuna aliyekataza. Katiba ya 2006 inataja Kiswahili kati ya lugha 4 za taifa, na lugha nyingine inaziita urithi ambao Serikali inaulinda. Vizuri. Lakini Serikali haitaingia jikoni kwetu kumwambia mama aongee Mashi na mtoto wake. Kiswahili kinatuunganisha na Warega, Wafulero na Wabembe, hatukilaumu. Tunajilaumu sisi, tunaoandika juu ya Mashi kwa lugha nyingine, kama tunavyofanya hata hapa.

Basi, kama methali ni watu kweli, tusiwaite siku ya mahari tu. Tukae nao nyumbani, kila jioni, na watoto wakiwapo.