Hadithi Isiyokwisha: Riwaya, Filamu na Hukumu ya Watazamaji

Kila mara riwaya iliyopendwa inapogeuzwa kuwa filamu, watazamaji hugawanyika pande mbili. Wapo waliokisoma kitabu, nao huingia katika ukumbi wa sinema wakiwa na picha zao tayari vichwani. Na wapo wasiokisoma, ambao kwao filamu ndiyo hadithi yenyewe. Wa kwanza hulalamika kwamba wamepunjwa. Wa pili hustaajabia malalamiko hayo. Mvutano huu huwa mkali zaidi katika riwaya za kinjozi, kwa sababu mambo yanayosimuliwa humo hayana mfano wake duniani. Msomaji anayeelezwa habari za mji au shamba hukopa sura kutoka katika macho yake. Anayeelezwa habari za joka la heri hana budi aliumbe mwenyewe. Likija joka la mtu mwingine, huona kana kwamba lake limeuawa.

Madhumuni ya makala haya ni kuuchunguza mvutano huo kwa mfano mmoja mahsusi, yaani riwaya ya Mjerumani Michael Ende iitwayo Die unendliche Geschichte, ambayo jina lake laweza kufasiriwa kuwa Hadithi Isiyokwisha, iliyotolewa mwaka 1979, pamoja na filamu iliyotokana nayo, iliyoongozwa na Wolfgang Petersen na kuonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1984. Mfano huu una faida moja ambayo mingi haina: miongoni mwa watazamaji walioikataa filamu alikuwamo mtunzi mwenyewe. Swali linalozuka ni hili: je, hukumu ya mtunzi ina uzito gani mbele ya hukumu ya halaiki ya watazamaji walioipenda filamu hiyo?

Kwanza yafaa kuieleza riwaya kwa ufupi. Bastian ni mtoto mnene, mnyonge, aliyefiwa na mama yake na ambaye baba yake amezama katika majonzi hata asimwone mwanawe. Siku moja, akiwakimbia watoto wanaomsumbua, anaingia katika duka la vitabu vikuukuu, anaiba kitabu, na kujificha darini mwa shule ili akisome. Kitabu hicho kinasimulia habari za nchi ya njozi ambayo malkia wake ni mgonjwa na ambayo inamezwa na Utupu. Kijana mwindaji, Atréju, anatumwa kutafuta dawa. Hatimaye inadhihirika kuwa dawa ni jina jipya la malkia, na kwamba jina hilo halina budi kutolewa na mtoto wa binadamu, yaani msomaji mwenyewe. Hapo Bastian anaingia ndani ya kitabu anachokisoma.

Msomaji aliyezoea kuyaona matukio hayo kuwa ndiyo hadithi nzima na akumbuke kwamba hapo ni katikati tu. Riwaya ina sura 26, kila moja ikianza kwa herufi yake ya alfabeti, tangu A hadi Z. Bastian anapolitamka jina, takriban nusu ya sura hizo bado zimesalia. Katika nusu hiyo ya pili anapewa kidani chenye uwezo wa kutimiza kila analolitamani. Anatamani uzuri, nguvu, ushujaa na hekima, naye anavipata vyote. Lakini kila tamanio linalotimizwa linamnyang'anya kumbukumbu moja ya maisha yake ya zamani. Anasahau kwamba aliwahi kuwa mnene, anasahau shule yake, anapigana na rafiki yake Atréju, na anakaribia kujitawaza kuwa mfalme wa nchi aliyokuja kuiokoa. Anaokoka kwa taabu, baada ya kupoteza karibu kila kitu, na kurudi nyumbani akiwa na jambo moja tu la kumpelekea baba yake: uwezo wa kupenda.

Filamu iliyotengenezwa katika studio za Bavaria karibu na Munich iligharimu fedha nyingi kuliko filamu yoyote ya Kijerumani iliyoitangulia. Ilipokelewa vema na umma wa Ujerumani ya Magharibi, kisha ikavuka mipaka. Huko Marekani wahakiki walitofautiana. Roger Ebert wa Chicago aliisifu na kuipa nyota tatu kati ya nne, akivutiwa na wazo la hadithi iliyo ndani ya hadithi. Vincent Canby wa New York aliiona haina mvuto wala ucheshi. Lakini hukumu iliyokuwa kali kupita zote ni ya Ende. Yeye alikuwa ameshiriki katika hatua za awali za kuandaa mswada. Alipouona mswada wa mwisho alitaka ama utengenezaji usimamishwe ama filamu ibadilishwe jina. Alipokataliwa, alikwenda mahakamani, naye akashindwa. Sheria ya hakimiliki ya Ujerumani ya mwaka 1965 humpa mtunzi ambaye kazi yake imefanywa filamu kinga dhidi ya upotoshaji mkubwa tu, wala si dhidi ya kila badiliko. Ende aliendelea kuiona filamu hiyo kuwa ni biashara iliyovishwa vazi la hisia rahisi.

Malalamiko ya wasomaji wa riwaya hiyo yaweza kugawanywa katika mafungu matatu, nayo hayalingani kwa uzito. La kwanza linahusu maumbo. Joka la heri, ambalo katika riwaya lina magamba ya rangi ya lulu na kichwa kama cha simba, katika filamu limekuwa kiumbe cha manyoya chenye sura ya mbwa. Atréju, ambaye ngozi yake ni ya kijani kitabuni, ni mtoto wa kawaida katika filamu. Bastian naye si mnene tena. Mara nyingi mambo haya matatu huwekwa katika kapu moja, na hilo ni kosa. Manyoya ya joka hayabadilishi lolote katika maana ya hadithi. Tabia yake ya kuamini heri imebaki vilevile. Unene wa Bastian ni suala jingine. Hadithi ya mtoto anayeuchukia mwili wake, akatamani mwili mwingine, akaupata na kwa kuupata akajisahau, haiwezi kusimuliwa kwa kutumia mtoto ambaye tangu awali hana kasoro ya kuchukia. Aliyemchagua mwigizaji mwembamba alikwisha kuikata nusu ya pili ya riwaya kabla kamera haijaanza kazi.

Fungu la pili linahusu upungufu wenyewe: filamu inaishia katikati. Watetezi wake husema kwamba riwaya kubwa haiwezi kuingia katika filamu ya saa moja na nusu, na katika hili wana haki. Kuchagua sehemu si dhambi. Fasihi simulizi ya Kiafrika imejaa masimulizi ambayo fanani huyafupisha au huyarefusha kulingana na usiku, mahali na hadhira yake, na hakuna anayesema kwamba ameiharibu ngano kwa kuacha safari moja ya sungura. Hata hivyo, fanani hutakiwa kuilinda mantiki ya ngano. Ngano iliyojengwa juu ya mwiko haiwezi kusimuliwa bila adhabu ya kuuvunja mwiko huo. Kwa hiyo swali si kiasi gani kimeachwa, bali kama kilichobaki bado kinatii sheria yake.

Hapa ndipo fungu la tatu, linalohusu mwisho wa filamu, linapokuwa zito kuliko yote. Katika filamu malkia anamwambia Bastian kwamba kadiri atakavyotamani mengi ndivyo nchi ya njozi itakavyozidi kustawi. Maneno ya namna hiyo yamo katika riwaya pia. Lakini kule yanafuatwa na sura nyingi zinazoonyesha gharama yake. Filamu imetaja faida na kuificha bei. Zaidi ya hayo, tamanio la mwisho la mtoto ni kupanda joka na kuruka nalo hadi katika mji wake wa kawaida, akawafukuza vichochoroni watoto waliokuwa wakimwonea. Watazamaji wengi, hasa watoto, walilipenda tukio hilo. Nani asiyefurahi kumwona mnyonge akilipiza? Lakini katika riwaya mbwamwitu Gmork anamweleza Atréju jambo la kutisha: viumbe wa njozi wanaovutwa na Utupu hadi katika dunia ya binadamu hugeuka kuwa uongo, na kwa uongo huo wenye nguvu huwatawala watu. Filamu imebakiza sehemu ya hotuba hiyo, ile isemayo kwamba asiyekuwa na matumaini hutawalika kwa urahisi, lakini imeondoa habari ya uongo. Haikuwa na budi kuiondoa, maana joka linaloruka juu ya barabara za mji ni mfano halisi wa kile ambacho Gmork alikitahadharisha. Kwa kipimo cha riwaya, mwisho wa filamu ni ushindi wa Utupu uliopambwa kuwa ushindi wa mtoto.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba watazamaji walioipenda filamu walidanganyika tu. Yapo mambo mawili ambayo wao waliyaona na wasomaji wengi wakayapuuza. La kwanza ni kifo cha farasi katika kinamasi cha huzuni. Katika riwaya farasi huyo husema kama mtu. Anaeleza anavyojisikia na kumwomba bwana wake aondoke asiushuhudie mwisho wake. Katika filamu hana sauti. Mtoto anamvuta, anamsihi, anamkemea, na mnyama anazama taratibu bila kujibu. Waliolitazama tukio hilo utotoni wameendelea kulizungumza hata katika utu uzima wao, na hawakukosea. Ukimya wa farasi unaeleza ukatishaji tamaa kuliko hotuba yake, kwa kuwa huzuni ya aina hiyo humnyima mtu kwanza uwezo wa kuisema. Katika tukio hili filamu haikupunguza kitu, iliongeza.

La pili ni namna filamu ilivyojaribu kumwingiza mtazamaji ndani ya hadithi. Riwaya ilichapwa kwa wino wa rangi mbili, mmoja kwa dunia ya Bastian na mwingine kwa nchi ya njozi, nacho kitabu kilicho mkononi mwa msomaji kinafanana na kile kilicho mkononi mwa Bastian. Sinema haina hila hiyo. Badala yake malkia katika filamu anasema kwamba kama Bastian anavyoifuata safari ya Atréju, wako wengine wanaoifuata safari ya Bastian. Kwa kauli hiyo watazamaji wote ukumbini wamehesabiwa. Ni ufumbuzi mzuri, wenye kuaminika kifani.

Lakini hata ufumbuzi huo umeacha jambo ambalo ndilo kiini cha jina la kitabu. Katika riwaya Bastian anasita kulitamka jina, na malkia anakwenda kwa mzee anayeandika yote yatokeayo, akamwamuru aisimulie hadithi tangu mwanzo. Simulizi linafika pale pale, linaanza tena, na kuendelea kuzunguka bila kikomo, hadi msomaji atakapothubutu kuingia. Hadithi isiyokwisha, basi, ni kifungo kabla ya kuwa furaha: ni hadithi inayomngoja mtu wa kuibeba. Filamu imelifuta duara hilo na kuliacha jina likiwa ahadi tamu tu ya burudani isiyo na mwisho. Katika mwaka 1990 na 1994 zilitolewa filamu nyingine mbili kwa jina hilo hilo. Ile ya 1990 ilirudia sehemu ya wazo la tamanio linalokula kumbukumbu, lakini haikupata heshima ya ile ya kwanza. Hivyo hadithi kwa kweli haikukwisha, ingawa kwa maana ambayo Ende, aliyefariki mwaka 1995, hakuikusudia.

Msomaji wa Kiswahili anayeifahamu Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotolewa mwaka 1951, hatashangazwa na hoja hii. Nchi ya kuwaziwa ina thamani katika fasihi pale inapomrudisha msomaji katika nchi yake akiwa na macho mapya. Ikimrudisha akiwa na silaha ya kulipiza kisasi tu, imemwacha alivyokuwa.

Kwa kumalizia, mfano huu unadhihirisha kwamba kipimo cha uaminifu kwa kitabu, kama kinavyotumiwa na watazamaji wengi, ni kipimo butu. Kinakemea manyoya ya joka kwa ukali ule ule kinaokemea kugeuzwa kwa dhamira. Kipimo kifaacho ni sheria ya ndani ya hadithi: nini huruhusiwa humo, na kwa bei gani. Kwa kipimo hicho Ende alikuwa sahihi juu ya mwisho wa filamu, na watazamaji walikuwa sahihi juu ya farasi. Mahakama iliweza kuamua nani ana haki ya jina la hadithi; haikuwa kazi yake kuamua hadithi inasema nini. Kazi hiyo ni ya uhakiki, nao hautaitimiza ukiwasikiliza wasomaji peke yao au watazamaji peke yao.